Mkato mmoja, maana mbili: kazi ya alama za uandishi katika Kiswahili

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo unaingia ujumbe: "Mgonjwa ameruhusiwa". Haujapita muda, kundi limejaa shukrani. Alhamdulillahi. Mungu ni mwema. Shangazi anauliza nani ana gari la kumfuata, mwingine anaahidi kupika. Kisha aliyeandika anarudi: "Jamani, nilikuwa nauliza." Mgonjwa bado yuko wodini, dripu mkononi.

Hakuna neno lililokosewa pale. Tahajia ni sahihi, sarufi ni sahihi. Kilichokosekana ni alama ya kuuliza, na bila hiyo swali limegeuka habari njema.

Wengi wetu tukisikia "alama za uandishi" au "uakifishaji" tunakumbuka zoezi la darasani: akifisha sentensi zifuatazo, alama kumi. Zoezi lile lilitufundisha kwamba maneno ndiyo yenye maana, na alama ni usafi unaofuata baadaye, kama kuchomekea shati. Imani hiyo ni mbaya kwa lugha yoyote, lakini kwa Kiswahili ni mbaya zaidi, na sababu iko kwenye maungo ya lugha yenyewe.

Swali lisilo na sura ya swali

Kiingereza kinapouliza hupindua mpangilio wa maneno, au huongeza neno mbele, hata msomaji akajua swali linakuja kabla hajafika mwisho wa mstari. Kiswahili hakina desturi hiyo. "Fundi amekuja" na "Fundi amekuja?" ni maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Mdomoni tunayatenganisha kwa sauti: huku inashuka, kule inapanda. Karatasi haina sauti, kwa hiyo mzigo wote wa swali unabebwa na kile kialama cha mwisho.

Mtu atasema tunalo neno "je". Tunalo, na linasaidia kwenye barua rasmi na kwenye mitihani. Lakini sikiliza watu wanavyozungumza nyumbani. Nani anamwambia mdogo wake "Je, umekula?" Atadhaniwa anasoma taarifa ya habari. Watu husema "Umekula?" na wakiandika wanaandika vivyo hivyo, kisha wanasahau alama. Maswali yenye "nani", "lini", "wapi" na "kwa nini" yanajitambulisha yenyewe. Hata ukisahau alama ya kuuliza msomaji hapotei. Hatari iko kwenye maswali ya ndiyo au hapana. Umetuma? Wameondoka? Dawa ameshakunywa?

Jambo la pili ni kitenzi chetu. "Alimwona" ni neno moja, na ni sentensi kamili: yupo mtenda, yupo mtendwa, na wakati umo. Huo ni utajiri, ila una gharama yake. Kwa kuwa karibu kila kitenzi kinaweza kusimama peke yake, msomaji akikutana na mstari mrefu usio na alama hawezi kujua sentensi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Ongeza hapo neno "na", ambalo kwetu huunganisha habari mbili na pia huonyesha mtu yuko pamoja na nani au na nini, halafu soma maelezo haya kama yangeandikwa kwenye daftari la kituo cha polisi:

"Juma alimkuta mlinzi amelala akaondoka na funguo za ghala hazikuonekana tena."

Juma ni mwizi? Inategemea. Tukiandika "Juma alimkuta mlinzi amelala, akaondoka, na funguo za ghala hazikuonekana tena", Juma alijiondokea zake, na funguo zimepotea kwa sababu isiyojulikana. Tukiandika "Juma alimkuta mlinzi amelala, akaondoka na funguo za ghala. Hazikuonekana tena", basi Juma ana la kujibu. Maneno hayajabadilika hata moja. Aliyebadilika ni mtuhumiwa.

Baba Juma na Baba, Juma

Kuna eneo ambalo Kiswahili kinahitaji mkato (wengine huuita koma, wengine kipumuo) kwa namna ambayo lugha nyingi hazihitaji: kuitana. Sisi tunawaita wazazi kwa majina ya watoto wao. Baba Juma, Mama Asha, Bibi Zawadi. Na papo hapo tunawaita kwa cheo cha ujamaa peke yake: baba, mama, bibi. Njia hizi mbili zikikutana kwenye karatasi bila mkato, hakuna wa kuzitenganisha.

"Baba Juma anakuita." Anayeita ni mzee, baba yake Juma.

"Baba, Juma anakuita." Anayeita ni Juma, na anayeambiwa ni baba.

"Mwalimu Rehema hajafika" inamlalamikia mwalimu. "Mwalimu, Rehema hajafika" inamlalamikia mwanafunzi. Kwenye mazungumzo ya ana kwa ana hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kuna pumziko dogo na kuna jicho linalomtazama anayeitwa. Kwenye simu hivyo vyote havipo. Kanuni yenyewe ni fupi: jina la mtu unayemsemesha hutengwa kwa mkato, likiwa mwanzoni, mwishoni au katikati. "Karibu, mjomba." "Nakuambia, dada, huyu mtu simwelewi." Ukiweka mkato upande mmoja tu pale katikati, umefungua mlango bila kuufunga.

Walioona tatizo kabla yetu

Wagiriki wa kale waliandika maneno yameshikana, bila nafasi, bila nukta. Msomaji alitakiwa kuyatenganisha mwenyewe, na kwa kawaida aliyasoma kwa sauti ndipo yaeleweke. Karibu mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, alipanga mfumo wa nukta zinazowekwa juu, katikati au chini ya mstari kuonyesha mapumziko ya urefu tofauti. Nafasi kati ya neno na neno zilikuja kuenea Ulaya karne nyingi baadaye, zikianzia kwa watawa wa Ireland, na nukta mkato tunayoijua leo ilichongwa Venice miaka ya 1490 katika kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius. Hiyo ni historia ya mbali, na sitaikalia.

Ya karibu zaidi iko kwenye mswalla. Mtoto aliyesoma chuo cha Kurani Lamu, Tanga au Unguja amekutana na mfumo makini sana wa alama kabla hajamjua mwalimu wa Kiswahili. Juu ya mistari ya Kurani kuna vijiherufi: mimu ndogo inayosema simama, ni lazima, lamu-alifu inayosema usisimame hapa, jimu inayoruhusu yote mawili. Mfumo huu umetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya mwanachuoni Muhammad ibn Tayfur al-Sajawandi wa karne ya 12. Haukuwekwa kwa ajili ya kupendezesha sauti. Uliwekwa kwa sababu kusimama mahali pasipofaa kunaharibu maana. Mfano unaorudiwa na masheikh ni wa Sura ya An-Nisaa, aya ya 43: mtu akisoma "msiikaribie sala" akakata hapo, amewakataza watu ibada. Maneno yanayofuata, "hali mmelewa", ndiyo yanayoeleza katazo ni la nini.

Tena fungua Sura ya Al-Baqara, aya ya 2 tu, uangalie misahafu mingi inayochapwa siku hizi. Utaona nukta tatu ndogo zilizopangwa kwa pembetatu, na mbele kidogo nyingine tatu kama hizo. Maana yake ni kwamba ukisimama kwenye mojawapo, usisimame kwenye ya pili. Kwa kusimama kwanza, Kitabu hicho hakina shaka, na ndani yake umo uongofu. Kwa kusimama pili, hakuna shaka ndani ya Kitabu hicho, nacho chenyewe ni uongofu. Neno la katikati, "ndani yake", linaweza kwenda nyuma au mbele, na alama zinamwambia msomaji achague upande mmoja. Sijaona kokote maelezo mafupi kuliko hayo ya kazi ya alama za uandishi.

Wakristo nao wana mkato wao maarufu. Katika Luka 23:43, Yesu anamjibu yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye. Tafsiri zinazosomwa na makanisa mengi zinaweka mkato kabla ya neno "leo": nakuambia, leo utakuwa pamoja nami. Mashahidi wa Yehova wanauweka baada yake: nakuambia leo, utakuwa pamoja nami. Wasabato nao huhubiri usomaji huo wa pili. Swali zima la mtu akifa anakwenda wapi, na anakwenda lini, linapita hapo. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na mkato wa kumaliza ubishi, hivyo kila upande unauweka kulingana na kile ambacho Maandiko mengine yanaufundisha.

Anayedhani hayo ni ya wanateolojia amuulize mwenye duka. "Amesema leo atalipa." Je, amesema leo, kwamba atalipa siku yoyote atakayojaliwa? Au amesema kwamba atalipa leo? "Amesema leo, atalipa." "Amesema, leo atalipa." Deni ni lile lile, ila mwenye sentensi ya kwanza asingoje mlangoni.

Kanuni ya pumzi na hasara zake

Tulifundishwa: weka mkato pale unapopumua. Ushauri huu una ukweli kidogo na madhara mengi. Fungua gazeti lolote la Kiswahili na utakutana na sentensi ya aina hii: "Wananchi wa vijiji vitatu vilivyo kando ya bonde la mto huo, wameiomba serikali kuwajengea daraja." Ule mkato una kazi gani? Hauna. Umemtenga mtenda na kitendo chake, na hakuna anayejiuliza kwa nini, kwa sababu mwandishi akiisoma kwa sauti kweli anapumua pale. Nimeuona mkato huo mara nyingi mno hata nikaanza kuuhesabu kuwa ni sehemu ya lahaja ya magazeti.

Hauna madhara mpaka siku unapokutana na mkato wenye kazi. Tazama tangazo la mwenye nyumba lililobandikwa ukutani:

"Wapangaji ambao hawajalipa bili ya maji watahama mwisho wa mwezi."

"Wapangaji, ambao hawajalipa bili ya maji, watahama mwisho wa mwezi."

La kwanza linawahusu wenye deni tu. Uliyelipa unaweza kulala usingizi wako. La pili linasema wapangaji wote hawajalipa, na wote wanahama. Mikato miwili imegeuza maelezo ya kubagua kuwa maelezo ya nyongeza. Sasa msomaji aliyezoeshwa mikato ya pumzi atajuaje kwamba hii ni ya maana? Hapo ndipo mazoea ya magazeti yanapotugharimu: tumemzoesha msomaji kuupuuza mkato, halafu tunataka auheshimu siku ya mkataba.

Nadhani chanzo kimojawapo cha mazoea haya ni ushairi, na pia redio. Waandishi wa miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu walitenganisha vipande kwa vialama vidogo, ili msomaji ajue kipande kimeishia wapi. Shairi letu la mizani kumi na sita lilipoanza kuchapwa kwa herufi za Kirumi, mkato ukashika nafasi hiyo katikati ya mshororo: "Kalamu yangu shahidi, nayaandika ya kweli." Nane na nane. Hapo mkato unamtumikia mwimbaji, na wala hauangalii sarufi. Mshairi akiandika "Mtoto wa mwenye duka, la kona amerejea", hajakosea lolote. Mizani inataka kituo pale, japo "duka la kona" ni kitu kimoja. Ichukue sentensi hiyo uiweke kwenye barua na mkato wake, na itaonekana imevunjika mguu. Sikio lililolelewa na mashairi na kusomewa habari redioni linauweka mkato mahali pa sauti. Nathari inautaka mahali pa maana. Mara nyingi sehemu hizo mbili ni moja. Zinapoachana, kwenye nathari maana ndiyo ishinde.

Alama inapofika mahakamani

Warusi wana sentensi ya darasani kuhusu amri ya mfalme ambayo, kutegemea mkato ulipo, inamuua mtu au inamwokoa. Kiswahili nacho kinaiweza vizuri, kwa sababu ya lile katazo letu la "hapana" linalofuatwa na kitenzi, kama kwenye vibao vya "hapana kupita". Andika: "Kumnyonga hapana kumsamehe." Kisha uweke mkato. "Kumnyonga hapana, kumsamehe." Au: "Kumnyonga, hapana kumsamehe."

Ni mchezo wa maneno, lakini yupo aliyekutana na jambo la jamii hiyo akiwa hai. Roger Casement anajulikana katika historia ya Kongo: akiwa balozi mdogo wa Uingereza, aliandika ripoti iliyochapishwa 1904 kuhusu ukatili waliofanyiwa Wakongo wakivunishwa mpira chini ya Mfalme Leopold II. Miaka kadhaa baadaye aligeukia kupigania uhuru wa Ireland, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ujerumani kutafuta msaada. Alipokamatwa 1916 alishtakiwa kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha zamani. Sheria hiyo ilimtaja mtu anayeshikamana na maadui wa mfalme katika himaya yake, akiwapa msaada na faraja katika himaya yake au kwingineko. Hilo "au kwingineko" lilikuwa linashika kipi? Wakili wake alisema linahusu ule msaada tu, hivyo mhaini lazima awe ndani ya himaya, na mteja wake alikuwa Ujerumani. Upande wa mashtaka ulisema linahusu kosa lote, popote litendwapo. Majaji wawili walikwenda kukagua hati ya asili ili waone kama kuna alama ya kukata. Walitegemea pia maandiko ya wanasheria wa zamani, lakini neno lililobaki midomoni mwa watu ni kwamba Casement alinyongwa kwa mkato. Ilikuwa tarehe 3 Agosti 1916, katika gereza la Pentonville, London.

Kesi ya siku hizi haikuua mtu, ila iligusa mifuko. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo watu wanaofanya kazi kadhaa zilizoorodheshwa, na orodha iliishia na maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: "kuhifadhi, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza" vyakula vinavyoharibika. Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea kwenye orodha? Kama ndivyo, madereva hawana chao, maana kusambaza ndiyo kazi yao. Au orodha inataja kazi moja ya kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Kama ndivyo, madereva hawafungashi chochote na sheria haiwagusi. Kungekuwa na mkato baada ya "kusafirisha", pasingekuwa na kesi. Haukuwepo. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno hayo yana utata na ikaamua kwa faida ya madereva, na mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kuumaliza mgogoro.

Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nililifurahia jambo hilo, na bado nalifurahia. Lakini maana yake ni kwamba ubishi wa aina ya Maine sasa unaweza kuzaliwa kwa Kiswahili, kwenye vifungu vyenye "na" na "au" zetu. Si lazima kusubiri Bunge. Chukua katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa, zile ambazo kina mama wa VICOBA huziandika wenyewe kwenye daftari:

"Fedha zitatolewa kwa saini ya mwenyekiti na mhazini au katibu."

Wasomaji watatu waaminifu watatoa majibu mawili. Kwanza: mwenyekiti lazima asaini, na pamoja naye asaini mmoja kati ya mhazini na katibu. Pili: ama mwenyekiti na mhazini wasaini pamoja, ama katibu asaini peke yake. Kwa usomaji huu wa pili katibu anaweza kwenda peke yake siku ya Jumatatu na kurudi na akiba ya mwaka mzima, na katiba inamlinda. Mkato mmoja unafunga mlango huo: "kwa saini ya mwenyekiti, na mhazini au katibu." Mwingine unaufungua: "kwa saini ya mwenyekiti na mhazini, au katibu."

Nani alisema?

Alama za mtajo zina kazi moja kubwa, ya kuonyesha maneno ni ya nani. Sentensi hii imo vinywani mwa watu kila siku:

"Mwalimu alisema mkuu wa shule ni mzembe."

Mwalimu anamtuhumu mkuu wa shule. Sasa ihamishe: "Mwalimu," alisema mkuu wa shule, "ni mzembe." Mtuhumiwa na mtuhumu wamebadilishana viti. Kiswahili kinaruhusu "alisema mkuu wa shule" kwa wepesi, kitenzi kikatangulia, ndiyo maana mtego huu unanasa. Mwandishi wa habari anayedondosha alama hizo anaweza kumpa mtu maneno ambayo hakuyasema, na hata kikao cha usuluhishi hakitajua pa kuanzia.

Vialama vingine nitavipitia haraka. Ritifaa ya "ng'" wengi wameiacha kwa sababu kwenye simu inahitaji kubonyeza mara mbili, na msomaji kwa kawaida anaelewa; ila kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Washairi wanaitumia pia kuonyesha silabi iliyomezwa, "n'tarudi" kwa "nitarudi", ili mizani itoshe. Mshangao ukirudiwa mara nne unapoteza mshangao. Na vijana wameipa nukta kazi mpya ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha sarufi: "Sawa" ni sawa, lakini "Sawa." yenye nukta ni mtu aliyekasirika. Mimi naiheshimu kanuni hiyo. Alama imeonyesha sauti pale ambapo sauti haipo, na hicho ndicho ilichoajiriwa kufanya.

Tarakimu zina hatari yake. Mfanyabiashara wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa huandika 2,5 kwa maana ya mbili na nusu, na 1.500 kwa maana ya elfu moja na mia tano. Kwa mwenzake wa Kigoma, 1.500 ni moja na nusu. Wote wawili wanazungumza Kiswahili, wanaelewana vizuri sokoni, na oda yao ya kilo inaweza kupishana mara elfu. Dawa ni kuandika pia kwa maneno. Upande wetu tuna kile kialama cha 15,000/= ambacho wageni hukishangaa. Ni masalia ya shilingi ya kikoloni, ambapo 5/50 ilikuwa shilingi tano na senti hamsini, na 5/- ilikuwa tano kamili. Senti zimekwisha, mkwaju (/) umebaki, na una faida: umeifunga namba, hivyo mwenye kalamu hawezi kuongeza sifuri mbele ya macho yako.

Mkato unapozidiwa

Nimesifu mkato kiasi cha kutosha, basi niseme na udhaifu wake. Ni mdogo. Unaanguka wakati wa kunakili, unafichwa na fotokopi mbovu, unaliwa na mkunjo wa karatasi. Msomaji mwenye haraka hauoni. Kwa hiyo sentensi ambayo maana yake yote inategemea mkato mmoja ni sentensi inayohitaji kuandikwa upya, hasa kama kuna fedha, mirathi au kifungo ndani yake. Ndivyo walivyofanya wabunge wa Maine baada ya kesi ya madereva: waliirudia ile orodha na kuweka nukta mkato kati ya kazi na kazi, kusambaza ikasimama peke yake.

Kina mama wa kikundi wanaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa nukta tu:

"Fedha zitatolewa kwa saini mbili. Saini ya kwanza ni ya mwenyekiti. Saini ya pili ni ya mhazini. Mhazini asipokuwepo, katibu atasaini badala yake."